Sauti Iliyotoka Getini

Mbale, Namakwekwe. Jumamosi, 12 Septemba 1987

Dada Hajara, siku tunaondoka Kibera ulinipa daftari hili ukasema hutaki barua za "sisi wazima, hofu kwenu". Ulitaka nikuandikie mambo yanavyotokea, mazuri na mabaya, ndipo wewe na shemeji muamue kama mnarudi Uganda au mnabaki. Basi leo, ingawa mwaka umepita, naanza, na naapa mbele ya Mungu kwamba sitakuficha kitu, hata kikimwaibisha mtu wa nyumba yetu, hata kikiniaibisha mimi. Nikifika mwisho nitampa Mugweri, dereva wa lori la chai linalokwenda Nairobi. Ameahidi kukutafuta mpaka mlangoni.

Najua utaanza kwa kuuliza habari za kiwanja cha gereji. Tunafanya kazi ndani yake, lakini karatasi bado ina jina la Mzee Barasa. Unakumbuka mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na Wanubi tukawa tunatafutwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya askari wake, yeye ndiye aliyekwenda manispaa akakiandikisha kwa jina lake ili kisigawiwe watu. Yeye ndiye aliyenibeba mabegani mpaka kwenye lori. Tangu turudi mwaka jana Baba hajamdai. Amengoja tu. Na juzi Barasa mwenyewe ndiye aliyelitaja jambo hilo: tufanye kazi moja kubwa pamoja, watu waone kwamba mwenzake Burhan amerudi kweli, kisha twende mbele ya kamati ya mtaa abadilishe jina.

Baba alitoka nje akasimama peke yake. Aliporudi alisema kuni za jirani zina moshi.

Jumatatu, 14 Septemba

Kazi kubwa imefika. Ni nyumba yenye magurudumu. Ndani mna vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, na mapazia ya maua yaliyopauka. Mmarekani mmoja wa misheni aliiacha Jinja kabla ya vita vya sabini na tisa, na tangu hapo imekaa nyuma ya kanisa chini ya turubai. Sasa misheni imempa Sista Margret, muuguzi wa macho, aizungushe vijijini akiwatibu watu humo humo ndani. Huku mtaani wameshaiita Gari la Macho.

Limetoka Jinja likiwa limeinamia upande wa kulia kama mtu anayeumwa jino. Likiingia shimoni linaruka, na likisharuka halitulii. Sista anasema vioo vyake vya kupimia macho vilivunjika kabla hajafika Busiu. Alinionyesha: alisimama ndani ameshika kalamu, kaka yetu Bakhit akapanda ngazi tu, na sakafu ikayumba. Akaniuliza, "Wewe ungekubali nikuguse jicho humu?" Nikasema hapana, Sista.

Baba alilala chini akachungulia, akatoka anatabasamu kama sijamwona akitabasamu tangu Kibera. Nyuma halina springi. Limekalia mifuko ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila upande, na pampu ndogo ya umeme ndiyo inayoijaza. Shokapu, yale mabomba ya mafuta yanayozuia gari lisirukeruke, zimekauka zote.

Barasa alisema tung'oe mifuko tutie springi za lori, tuachane na upuuzi wa hewa. Baba akamwambia springi za lori zitamfanya Sista awatoboe watu macho. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumanne, 15 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Panya wametoka ndani ya godoro na Bakhit, mwanamume wa miaka ishirini, amepanda juu ya sinki.

Alhamisi, 17 Septemba

Leo nilipewa kazi ya kweli. Niliyeyusha sabuni kwenye ndoo, nikapaka povu kwa brashi kwenye kila bomba la hewa, Baba akiwa amewasha pampu. Penye tundu povu linafura kama pua ya mtoto mwenye mafua. Panya wametafuna bomba la kulia sehemu nyingi. Mfuko wa kulia nao umepasuka kwenye mkunjo. Mfuko wa kushoto ni mzee lakini unashika hewa; Baba anasema nao utabadilishwa.

Kisha Baba akatuketisha sisi sote, hata Barasa, akatupa kanuni. Gari la springi ukilipandisha kwa jeki unaona limekaa wapi. Gari la hewa linadanganya; linasimama vizuri, kisha hewa inatoroka na linashuka lote kwa mara moja. Kwa hiyo kabla ya mtu kuingia chini, magogo ya mvule yanawekwa chini ya chesisi. Mtu mmoja anafungua koki ya kutoa hewa, anakaa palepale, anatazama kwa macho yake mpaka chesisi ikalie magogo. Anayetaka kuingia anauliza, "Limelala?" Na yule wa koki, akiwa ameona, anajibu, "Limelala." Bila neno hilo hakuna anayeingiza hata kidole. Na anayelitamka, Baba alisema, amebeba roho ya mwenzake.

Tulifanya mazoezi. Bakhit aliuliza kwa sauti ya imamu.

Jumapili, 20 Septemba

Nakuandikia kuhusu Mzee Barasa ili ukija umjue upya. Amezeeka kidogo lakini mzaha haujamwisha. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha hapa, herufi zimebadilishana nyumba. Gari kwake "rimerara", na chakula "hakirarishwi". Leo nilimsahihisha kwa adabu. Akasema, "Wewe toto ya Kibera, nirikubeba mgongo yangu imeuma mpaka reo, sasa unafundisha mimi kusema?" Bakhit akaanza kumwiga, sasa gereji nzima ikiuliza "limelala" tunangoja kwa hamu "rimerara" ya Barasa, na yeye anaitamka kwa mbwembwe zaidi ili tucheke.

Nampenda mzee huyu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli leo.

Jumatano, 23 Septemba

Shule imefungwa. Waasi wanasikika upande wa Kumi, na askari wa serikali wamelala katika madarasa yetu. Mwalimu alituambia tusome nyumbani, akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Jumamosi, 26 Septemba. Jinja

Nimelala kwa Mama hapa Mafubira. Mimi na Bakhit tulitumwa kutafuta shokapu na mifuko miwili ya hewa, tukapanda lori la misheni pamoja na Sista.

Kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Iganga askari alituteremsha. Bakhit alimjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, ndipo ubaya ukaanza, maana huku Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Akauliza, "Kiswahili hiki umejifunza kambi gani?" Bakhit akasema, "Kibera, afande. Kwa mwalimu." Askari akamtazama usoni kwa muda, akatafuta shavuni alama ambazo hata hana, akasema, "Mnubi." Sista Margret alishuka akasema kwa Kiswahili chake cha Kisoga kwamba huyu ndiye fundi wa Gari la Macho, na kama afande ana mama asiyeona amlete Mbale. Kumbe askari alikuwa na mama wa namna hiyo. Akatupisha.

Wakati wote wa safari iliyobaki Sista alizungumza nami kwa Kiswahili, makusudi, kwa sauti. Niliona ni ushujaa.

Tumepata shokapu za lori la Kijapani, ndefu kidogo, na mifuko miwili ya hewa ya basi la zamani. Bakhit alizibana shokapu moja moja akisikiliza, kama Mama anavyochagua nazi. Mama amezeeka, Dada. Bibi hawezi kuachwa, kwa hiyo Mama habanduki. Aliuliza jambo moja tu, kama jina la karatasi limebadilishwa. Nikasema bado kidogo.

Jumanne, 29 Septemba

Mvua. Bakhit anachonga vishikizo vya shokapu kutoka kwenye tairi kuukuu. Amenikataza kusema kwamba kazi yake ni nzuri, asije akakata kidole.

Alhamisi, 1 Oktoba

Upande wa kulia umekwisha. Mfuko mpya, mabomba mapya, shokapu mpya. Nilipaka povu tena na halikufura popote. Tulisukuma nyuma ya gari kwa mikono yote na tukaliachia. Lilipanda, likashuka, likatulia. Sista alipiga makofi kama mtoto. Kumebaki kushoto.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mtu amekuja gereji, anaitwa Bwana Geresom, mnunuzi wa mahindi kutoka Busiu. Ana viatu vizuri na aliogopa matope. Hakuwa na gari. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa hatua ndefu, akatazama paa, akauliza maji hupita wapi mvua ikinyesha. Nilimuuliza Barasa kama ni mteja. Akasema ndiyo, ana lori linalotaka kuja. Nikauliza lori gani. Akasema, "Rori. Wewe unauriza kama porisi."

Nilicheka. Sasa sijui kwa nini nilicheka.

Jumanne, 6 Oktoba

Dada, niliapa. Andika, Zaituni.

Baba aliondoka asubuhi kwenda Busiu kutafuta kiungo cha bomba. Aliwaacha Bakhit na Barasa watoe mfuko wa kushoto. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, ile nzito ya kupiga mabati. Mimi nilikuwa barazani, kati ya geti na gari, naosha shokapu kuukuu kwa mafuta ya taa. Naandika mahali nilipokuwa kwa sababu ndipo habari yote ilipo.

Magogo yaliwekwa. Barasa alifungua koki. Nilisikia hewa ikianza kutoka, kisha mvua ikaimeza. Halafu Bwana Geresom akatokea getini na mwavuli, na mtu mwingine mwenye kamba ya kupimia. Barasa alitazama gari, akatazama geti, akaondoka kwenye koki. Alipita mbele yangu. Hakuniangalia.

Nilisikia walichokuwa wakizungumza. Bwana Geresom alitaka kuanza kujenga ghala kabla ya mahindi ya Desemba, na alitaka kujua Wanubi watatoka lini. Barasa alimwambia gari hili likishaondoka, hao nao wataondoka.

Mikono yangu ilisimama kwenye mafuta. Nilikuwa bado natafuta maana nyingine ya maneno yale, maana nzuri, ndipo Bakhit akaita kutoka nyuma ya gari.

"Mzee, limelala?"

Na Barasa, akiwa getini, bila kugeuka, ameshika ncha ya kamba ya kupimia, akajibu kwa sauti kubwa: "Rimerara."

Gari lilikuwa halijalala. Koki ilizibwa na tope, na mfuko ule mzee wa kushoto ulikuwa bado umeshika hewa yake. Likiwa limelala kweli, juu ya gogo hapabaki nafasi ya karatasi. Siku zote Bakhit hushika gogo kwa mkono wa kulia ili ajivute chini. Akalishika. Leo palikuwa na nafasi, vidole vyake vikaingia juu ya gogo, na mfuko ukapasuka.

Hakupiga kelele. Aliita jina langu, kama anayetaka nimletee spana.

Barasa alikimbia, hilo nalo ni kweli na naliandika. Alilia, aliweka jeki, alimbeba Bakhit mpaka barabarani kwa mabega yaleyale. Bwana Geresom alikunja kamba akaondoka. Madaktari wamekata vidole vitatu.

Jumatano, 7 Oktoba

Sijala. Gari bado limelala.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nilimwambia Baba yote jioni ya Jumanne, hospitalini, nikiwa nimeshika kanzu yake. Geresom, kamba, ghala, geti, neno. Hakuniuliza mara mbili. Alisema, "Nimekusikia, binti yangu." Nilijua ameamini, kwa sababu alikaa chini kwenye sakafu.

Leo Barasa anasema mtaani kwamba alikuwa kwenye koki na hakujibu kitu. Bakhit ana haraka ya ujana, aliingia kabla ya neno. Na yule mwenye viatu vizuri? Alikuwa mteja, akapita.

Nilimkuta dukani akinunua chumvi. Nilisimama mbele yake nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, "Mzee, hakuna mtu mwingine katika gereji ile anayesema rimerara." Aliangalia chumvi yake. Akasema polepole, akijitahidi kila herufi, "Mimi nasema limelala. Siku zote."

Umeona, Dada. Alikuwa amefanya mazoezi.

Jumapili, 11 Oktoba

Bakhit ana homa lakini anazungumza. Ananiuliza jambo lilelile. "Zai, mimi niliuliza, sivyo? Nilingoja?" Namwambia uliuliza, ulingoja, ulijibiwa. Anatulia, kisha baada ya muda anauliza tena. Watu wengi wanakuja kumpa pole na kumwambia ajifunze subira.

Kamati ya mtaa itakaa Jumanne, kwa sababu damu imemwagika katika eneo lake na misheni inataka kujua nani amekosa. Akionekana ni Barasa, watamfungia gereji na huenda akapelekwa polisi. Nimefurahi. Nitaulizwa, na nitajibu.

Baba alikwenda nyumbani kwa Barasa mchana, peke yake. Nilidhani amekwenda kugombana. Alirudi, akatawadha, akasali sala ndefu.

Jumanne, 13 Oktoba

Walikaa ndani ya gereji kwa sababu ya mvua, kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, Gari la Macho likiwa nyuma yao. Mwenyekiti ni Bwana Mafabi, mtu safi, aliyepoteza kaka wawili mikononi mwa wanajeshi wa zamani. Hapendi Kiswahili na simlaumu. Sista Margret alikaa mbele. Bwana Geresom alikaa nyuma. Barasa alieleza, kwa Lumasaba, lugha ya hapa, hadithi yake.

Kisha nikaitwa. Nilisimama kama Mwalimu alivyotufundisha, mikono nyuma, nikaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nilikuwa barazani." Bwana Mafabi akainua mkono. Akasema hapa si kambi, mtoto aseme kwa lugha ya watu. Nilijaribu. Lumasaba naisikia vizuri lakini kinywani inanikatikia. Niliondoka hapa mdogo. Nilikosa neno la koki, nikakosa neno la chesisi, vijana wakacheka. Ndipo Baba akasimama. Akasema yeye amezaliwa hapa, atanitafsiria.

Nilimshukuru Mungu, Dada. Nilisimama karibu naye nikanusa sabuni ya kanzu yake.

Nilisema, "Barasa aliondoka kwenye koki akaenda getini kwa Bwana Geresom."

Baba akawaambia: binti anasema mvua ilikuwa kubwa.

Nilidhani ameanza na mvua ili afike. Nikasema, "Bakhit aliuliza kama limelala. Barasa akajibu rimerara, yuko getini, hakuwa anaona gari."

Baba akawaambia: anasema hakusikia kitu kutoka upande wa gari.

Nilimtazama. Hakunitazama.

Bwana Mafabi akaniuliza, kwa Lumasaba, taratibu, kama ndivyo. Neno la kukataa ninalijua kwa kila lugha ya mji huu, lakini lililonitoka lilikuwa la kwangu. Nikasema, "Sivyo."

Baba akasema, "Anasema ndivyo."

Sasa nikuambie jambo linaloninyima usingizi. Kila mtu mle ndani anajua Kiswahili cha kutosha kusikia neno sivyo. Wanakitumia sokoni, wanakitumia kwa askari. Mwanamke mmoja alikohoa. Bwana Mafabi alisita na kalamu hewani, akanitazama mimi, akamtazama Baba, akaandika alichoambiwa na Baba. Na Sista Margret, aliyezungumza nami Kiswahili kutoka Iganga mpaka Jinja, alitazama viatu vyake. Gari lake lilikuwa limebakiza mfuko mmoja na shokapu mbili, na hakuna fundi mwingine wa kuzifunga.

Kosa limeandikwa kwa jina la Bakhit: haraka.

Jambo la pili Bwana Mafabi alilosoma, bila kuvuta pumzi, ni kwamba Mzee Barasa, kwa hiari yake na mbele ya kamati, anakirudisha kiwanja kwa mwenzake Burhan. Bwana Geresom aliinuka akatoka. Watu walipiga makofi. Walisema hivi ndivyo wazee wanavyomaliza mambo.

Nyumbani nilimuuliza Baba kwa nini. Sikupaza sauti. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Vidole havirudi, Zaituni," alisema. "Kiwanja kimerudi."

Nikamwambia angeweza kumshtaki, tungepata vyote.

"Vyote?" Akanitazama kwa mara ya kwanza siku nzima. "Mnubi amshtaki Mzee Barasa, mbele ya Mafabi, wakati waasi wako Kumi? Karatasi ina jina lake. Angemuuzia yule wa mahindi siku ileile, na sisi tungerudi Kibera na ukweli wetu. Mama yako amengoja miaka minane."

Nikasema, "Na Bakhit?"

Akasema Bakhit ni mtoto wake, na mtoto hubeba mzigo pamoja na baba yake.

Nataka nikuandikie kwamba nilimchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilimwekea maji ya kunawa kama kila siku.

Alhamisi, 15 Oktoba

Gari la Macho limeondoka. Baba na Barasa walifunga upande wa kushoto pamoja, jana na leo, bila mzaha wowote. Baba aliuliza, Barasa akajibu "limelala" kwa herufi safi, na kila mara Baba alikwenda kutazama mwenyewe kabla ya kuingia.

Kwa jaribio la mwisho Sista aliweka gilasi ya maji mezani ndani, wakalizungusha mpaka barabara ya Kumi yenye mashimo na kurudi. Maji hayakumwagika. Ni kazi nzuri, Dada, na vishikizo alivyochonga Bakhit ndivyo vinavyoishika. Sista alinipa mkono wa kuniaga. Akaanza kusema kitu kwa Kiswahili, akakiacha, akanishukuru kwa Kiingereza.

Jumapili, 18 Oktoba

Bakhit aliruhusiwa jana. Mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga. Njiani alitaka tupite kwanza kwa Mzee Barasa, nikamwomba tusipite, hakunisikiliza.

Barasa alikuwa mlangoni anakata mboga. Bakhit alisimama mbele yake akanyoosha mkono wa kushoto, kisha akaona ni wa kushoto, akaomba radhi kwa huo kwanza. Halafu akaomba radhi kwa lile kubwa. Alisema amemwingiza mzee aibuni, amemfanya asemwe mtaani kwa haraka yake mwenyewe, na bado mzee amewarudishia kiwanja. Barasa aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. Alilia sana. Alisema, "Mwanangu, yamekwisha," na hakusema zaidi, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nasubiri aseme zaidi.

Nyumbani nilianza kufua mashati ya Bakhit. Alikuja akakaa juu ya gogo la mvule, akaniambia Baba amemsomea hukumu ya kamati, yote.

"Sikukasirika," alisema. "Pale hospitali ulikuwa unanifariji. Wewe ni dada yangu, ungesema nini? Lakini mbele ya kamati ulisema hukusikia kitu. Na wewe hujui kusema uongo, Zai. Kama hukusikia, basi halikusemwa. Nililisikia kichwani mwangu tu." Alitazama bandeji yake. "Nataka uniambie mara moja, mimi na wewe, kisha sitauliza tena. Nishike spana tena kwa mkono uliobaki, au niache? Kwa sababu mtu anayesikia majibu yasiyokuwepo asiingie chini ya gari, wala asimwitie mwenzake limelala."

Nilimwambia angoje nimalize kufua. Nikayasuuza mashati yale mpaka maji yakaisha. Bado anangoja. Ni mvumilivu, Dada, ni mvumilivu kuliko sisi sote. Hilo ndilo waliloandika kinyume.

Nikimwambia sikusikia, nimemaliza kazi ambayo gari liliianza. Nikimwambia nilisikia, ataniuliza kwa nini kamati iliandika vingine, na hapo sitakuwa na njia ila kumtaja aliyenitafsiria, na Bakhit analala chumba kimoja na Baba, analishwa naye kwa kijiko, na anamshukuru.

Mugweri yuko nje, injini inaunguruma. Atapita tena Mbale Alhamisi akirudi kutoka Nairobi. Usiniandikie habari za kurudi wala kubaki, hizo zitangoja. Andika neno moja tu umpe mkononi: wewe ni mkubwa wetu, wewe unawajua wote wawili, Baba na Bakhit. Bakhit nimjibu nini?